Vizibo Vitatu vya Binti Yako

Nyumba ya Walimu, Namba 4,
Jumapili, 12 Julai.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yangu na mapacha wazima? Na hilo goti lako je, au bado unajifanya kijana na kupanda ngazi mbio? Sisi huku hatujambo, tunashukuru. Baba kikohozi kimemwachia, ila ubishi bado anao.

Barua yako niliipata. Unasema muhula ukiisha binti yako hajafungua mdomo darasani, utampeleka shule ya bweni. Ilinikata maini. Mimi ndiye shangazi yake, mimi ndiye mwalimu wake wa darasa la tatu, na miezi minne mizima sikuwa nimesikia jibu lake hata moja. Hapa nyumbani kwangu anacheka mpaka majirani wanasikia, shuleni wenzake wamemwita Bi Kimya.

Basi nikapangua madawati, watoto wakae wanne wanne wakitazamana. Kila mtu, pamoja na mimi, anapewa vizibo vitatu vya soda. Ukisema, unatumbukiza kimoja kwenye kopo la kundi lenu. Vikikuishia, unasikiliza wenzako. Wapiga domo wangu waliteseka, we acha tu!

Alhamisi tulipima darasa kwa hatua. Kundi moja likapata kumi na mbili, jingine kumi na tano, la mlangoni kumi na nane. Zogo likazuka: "Mmedanganya!" "Nyie ndio hamjui kuhesabu!" Mimi vizibo vyangu nilikuwa nimevimaliza kwa kugombeza watu wakae vizuri. Nikafungua mdomo nieleze, darasa zima likanirukia: "Mwalimu, vimekwisha!" Jamani! Miaka kumi na tisa nafundisha, leo nanyamazishwa na watoto wa miaka minane. Nikauma ulimi.

Mara nikasikia kizibo kikilia koponi. Binti yako huyo, kasimama.

"Hakuna aliyedanganya. Miguu yetu hailingani. Apime mmoja kwa wote."

Sauti ndogo, lakini haikutetemeka. Kundi lake likapiga meza kumshangilia, likamsukuma mbele apime yeye. Akaanza kutembea, anahesabu, darasa zima linamfuatia. Alipofika katikati akanikuta nimesimama, nimeduwaa. Akatoa kizibo cha pili mfukoni, akaniwekea mkononi: "Shangazi, tupishe."

Nikapisha. Nililia mbele ya wanafunzi wangu, wala sioni haya kukwambia. Najivunia huyu mtoto kana kwamba nimemzaa mimi. Mambo ya bweni yaishie hapo hapo, umenisikia?

Msalimie sana wifi, nibusie mapacha. Baba anakusalimu, anauliza lini utakuja umalize ule ubishi wenu wa mpira. Mungu awafunike huko mliko, awalete nyumbani salama.

Nilimwuliza binti yako nikuandikie salamu zipi kutoka kwake. Amekataa katakata. Anasema kizibo cha tatu amekuwekea wewe: Jumapili ijayo ukae karibu na simu, atasema mwenyewe, na usimkatize.

Dada yako akupendaye bila kuchoka,
Dada Mkubwa