Pa Kuuhamishia Mwongozo wa Mashine ya Dripu

Ghorofa ya tatu, nyuma ya duka la miwani
Jumanne, 28 Mei

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta. Huku sisi wazima. Mama anakula vizuri na bado anagombana na redio. Ni mimi tu usingizi umeniruka. Acha nikueleze, maana wewe umeuguza watu maisha yako yote, utanielewa upesi.

Kazi yangu unaijua: tunatengeneza programu inayoendesha mashine za dripu hospitalini. Mwongozo wake tunauandika humohumo kwenye mafaili ya programu, ili anayebadilisha kitu abadilishe na maelezo yake papo hapo. Kisha kuna tovuti inayouchukua na kuuweka mtandaoni, wauguzi wakausoma kwenye simu. Sasa tovuti hiyo imetangaza kwamba inafunga mwisho wa mwezi huu, na bosi akanitwisha mimi kazi ya kutafuta pa kuhamia.

Nilipata pawili. Pa kwanza panapendeza, kurasa zinafunguka upesi, lakini mwongozo mpya ukiingia, wa zamani unafutika. Pa pili pana sura mbaya, hata kutafuta neno ni shughuli, ila panatunza mwongozo wa kila toleo. Bosi alishapenda pa kwanza. Nilimwambia hospitali nyingi bado zina mashine za toleo la zamani, akasema najitafutia presha bure. Basi tukapajaribu na hospitali moja.

Mama Mdogo, siku ileile simu ikalia mezani kwangu. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, anaongea kwa sauti ya chini kama anayeogopa kumwamsha mtu.

“Dada, mwongozo unasema nibonyeze kitufe cha kijani mara mbili ili kusimamisha dawa. Lakini mashine inaniuliza kama niongeze kasi. Nibonyeze?”

“Usibonyeze,” nikamwambia. “Bana mpira wa dripu kwa mkono, sasa hivi.”

Nikabaki na simu sikioni, nasikia viatu vyake na mtoto analia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile. Hatimaye akasema ameshabana, dawa imesimama. Mashine yake ilikuwa ya toleo la zamani, na maelezo aliyosoma yalikuwa ya toleo jipya. Nilipokata simu, nikaenda moja kwa moja kwa bosi.

Bosi nilimsimulia yote bila kupamba. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu, ilhali ilikuwa safi.

“Tuhamie kwenye sura mbaya,” akasema.

Jana tumemaliza kuhama. Nilimwomba muuguzi yule afungue ukurasa, akakuta toleo la mashine yake limeandikwa juu kabisa. Mtoto naye kesharuhusiwa kurudi kwao. Ungedhani sasa nimetulia, lakini wapi. Tovuti ya zamani inazimwa Ijumaa, na nimepigia simu wodi moja baada ya nyingine kuwapa anwani mpya. Wote wamepokea isipokuwa hospitali moja. Inaita tu, haipokelewi. Fundi mwenzangu, tunayemwita Kipara, ananicheka. Anasema tumeshawatumia barua pepe, inatosha. Huenda ni kweli. Lakini kila nikifumba macho namwona mtu amesimama mbele ya mashine, kidole hewani, simu yake haifungui kitu.

Kwa hiyo kesho napanda basi la asubuhi niende mwenyewe, nikawaonyeshe wodi kwa wodi. Niombee niwakute.

Msalimie sana baba mdogo, na wanao wote wawili. Mama anasema usibebe vitu vizito. Mungu akulinde, akupe na usingizi mzuri, na ukibaki kidogo anigawie na mimi.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata nikichelewa kuandika,

Kitinda mimba wa dada yako