Jicho la Kulia la Mama Justus

Jumanne, 2 Julai 1974

Katibu wa kijiji, Shilinde, kapita jioni na habari: daktari wa macho anakuja Tabora wiki ijayo, anatoa mtoto wa jicho, anaondoka Jumamosi. Nilitaka kumkumbatia! Mke wangu, Mama Justus, hata hakuinua kichwa. Alikuwa anabambua karanga kwa kupapasa. Kasema huo si ugonjwa, ni uzee tu, na uzee hautibiwi. Shilinde naye akaunga mkono — kijana wa miaka thelathini anajua nini!

Nimefundisha sayansi mpaka nimestaafu na swali hili bado linanikaba. Uzee ni ugonjwa, au ni kazi ya mwili kama kuota meno? Chembe za ngozi hufa, zinazaliwa nyingine. Sasa kwa nini siku moja mwili unachoka kujikarabati? Wataalamu wanasema chembe zina kikomo cha kujigawa. Haya. Kikomo hicho kina faida gani, na kwa nani? Mama Justus kajibu upesi: kwa wajukuu, wapate pa kukaa. Nimecheka mpaka nikakohoa.

Kakubali kwenda. Kwa ajili yangu, kasema, siyo ya jicho.

Jumatano, 10 Julai

Treni imefika Kigwa, kituo chetu, kwa wakati. Muujiza wa kwanza. Tabora tumefikia Mtendeni, kwa Velji mwenye duka. Mama yake, Sakarbai, alikuwa akinunua asali ya Mama Justus zamani, kabla hatujahamia kijiji kipya. Katupa chumba cha uani na chai ya tangawizi, na wamekaa yeye na Mama Justus wameshikana mikono kama mabinti. Mungu ambariki bibi huyu.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Naogopa. Mara ya mwisho mke wangu Apolinaria kuniona vizuri ilikuwa mwaka wa sitini na tisa. Nilikuwa na meno yote na nywele nyeusi. Tangu hapo nimeugua, nimekonda, mashavu yameingia ndani. Mkono wake unanijua, ndiyo, lakini mkono hauoni mvi. Na majirani anawaambia mume wake bado kijana! Jioni nikaingia dukani kuulizia piko, nitie mvi weusi. Sakarbai akaniuliza nataka kumdanganya nani. Nikatoka na sabuni.

Alhamisi, 11 Julai

Hasira! Daktari kamrudisha. Jicho jekundu kama pilipili. Kumbe alfajiri Mama Justus kajitia asali — ya nyuki wadogo, wale wasiouma. Alikuja nayo kwenye kichupa, kafunga kwenye pindo la kanga. Kwetu ndiyo dawa ya macho, hata mama yangu alinitia mimi. Lakini leo! Daktari kasema jicho lenye wekundu halipasuliwi. Lisafishwe, litiwe dawa, aje kesho. Likiwa bado, basi, hajui atarudi lini.

Nimefoka njia nzima. Mwishowe kasema:

"Mgeni anataka kuingia ndani, wewe ulitaka nisifagie?"

Nimekwenda uani nikacheka peke yangu, kisha machozi yakanitoka.

Ijumaa, 12 Julai

Wekundu umepungua! Kwenye orodha ya upasuaji kawekwa wa mwisho, saa kumi jioni. La kulia tu, la kushoto litangoja. Asante Mungu, asante daktari, asante hata huyo aliyemweka mwisho, jicho likapata muda.

Daktari alipotoka kanionyesha kile alichokitoa. Lenzi. Ukubwa wa punje ya hindi, rangi ya chai ya rangi. Nimeitazama sana. Ngozi ya Mama Justus imebadilika mara ngapi, damu yake mara ngapi — lakini kiini cha lenzi hii hakikubadilishwa hata mara moja. Kilifanyika tumboni mwa mama yake. Kilikuwapo kabla hajapewa jina. Kilimwona mama yake akicheka, kiliniona mimi nimevaa suti ya kuazima siku ya harusi. Sasa kimo kwenye kibakuli.

Je, huyu aliyebaki kitandani ni yule yule? Nimemuuliza hivyo hivyo, mimi na ujinga wangu. Kasema kwa sauti ndogo: "Kama cha zamani kimetoka, basi mimi sasa ni mdogo. Tafuta mahari upya."

Jumatatu, 15 Julai

Bado kalala chali, mifuko ya mchanga pande zote mbili za kichwa. Haruhusiwi kukohoa wala kucheka. Kwa hiyo kaniamuru nisiongee. Namlisha uji kimya kimya. Siku njema kuliko nyingi.

Jumapili, 21 Julai

Niko barazani nje ya wodi, naandika magotini.

Muuguzi Getruda kafungua bendeji asubuhi, kamvika miwani mizito, ya kuazima kwanza. Nilisimama miguuni pa kitanda. Nilikuwa nimeapa sitasema neno mpaka aseme yeye. Alitazama kanga ya Getruda, kashangaa bluu ilivyo bluu. Alitazama vidole vyake, kimoja kimoja. Anaona! Mungu wangu, anaona! Nilitaka kupiga kelele.

Halafu akanitazama mimi.

Akavuta kanga haraka kichwani. Akajisogeza, akageuza uso pembeni, macho chini — hivyo hivyo alivyokuwa akimfanyia marehemu baba yangu kila akiingia uani, heshima ya mkwe, hakuiacha mpaka mzee anafariki. Akasema taratibu:

"Shikamoo, baba."

Sikuitika. Nilitoka.

Sijui nimekaa hapa muda gani. Uso nimeupapasa wote. Ndiyo, ni wa baba yangu, pua na mashavu na kila kitu. Mzee yule nilimpenda. Sioni aibu, ajabu yake. Nimejaa shukrani. Nikitamka neno moja tu atanijua, sauti yangu haijazeeka.

Namsikia dirishani anamuuliza Getruda Baba Justus kaenda wapi. Anamwomba amnyooshee kanga, na kama kuna kitana, amchane. Anasema hataki mume wake amkute hivi alivyozeeka.