Kidevu cha Baba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu wote wawili, na kile kifua cha mdogo kiwe kimeacha kumsumbua. Sisi huku tu wazima wa mwili. Wifi yako anakusalimu sana. Amesimama nyuma yangu anasoma kila mstari, kwa hiyo ukikuta mahali nimejisema ukweli, ujue ni yeye aliyenikalia kooni.

Najua kuandikiana barua siku hizi ni kama kumtuma mtu kwa miguu wakati gari lipo. Lakini simu zangu hupokei tangu tulipomzika Baba, na ujumbe wangu unausoma bila kujibu. Sikulaumu. Shangazi ameniambia ulichomwambia: kwamba Baba amekufa akiwa na kinyongo nawe, kwamba kila ulipopiga simu ya video ili umwone alikugeuzia kisogo, na kwamba mzazi akikataa hata kutazamwa na mwanawe, basi amekwisha kumfuta. Ninaandika ili ujue kwa nini alikataa. Itabidi nianzie mbali kidogo, univumilie. Kinyozi hajui kunyoa bila kupiga soga kwanza.

Unaukumbuka mji wetu huu wa pembezoni mwa jiji, zile nyumba za baraza fupi ambazo shirika la utangazaji liliwajengea watu wake, kisha likaziuza. Wasanii wazee walizikimbilia kwa sababu pako kimya na hospitali kubwa iko jirani. Ulipokuja kunitembelea ulicheka ukasema ukirusha jiwe hapa lazima limpate mtu maarufu. Sasa ukirusha jiwe linaangukia penye msiba. Walikuja kupumzika, na kweli wanapumzika, mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza alikuwa mwimbaji, yule ambaye Mama alikuwa akitunyamazisha wote wimbo wake ukianza redioni. Binti yake alinifuata dukani akasema mzee hawezi tena kushuka kitandani, ila ndevu zinamwasha na hataki kuguswa na mtu mwingine. Nikabeba mkoba wangu nikaenda. Nilimnyoa ameegemezwa kwenye mito, naye akawa ananiongoza kwa kuguna, kama alivyokuwa akiwasahihisha wapiga gitaa wake. Kesho yake redio zote zilipiga nyimbo zake tangu alfajiri, na mimi nikajua kabla mtangazaji hajafungua mdomo.

Akafuata bondia. Mikono iliyowalaza wanaume wenzake chini ilikuwa haiwezi tena kushika kikombe. Nilimnyoa, akanishukuru, akafariki wiki ileile. Kisha Mheshimiwa, waziri wa zamani, ambaye walinzi wake waliondoka pamoja na cheo akabaki na mke na paka. Huyo alikufa jioni ya siku niliyomnyoa, na mkewe anasema shavu lilikuwa bado linanukia spiriti yangu.

Hapo utani ukaanza. Wazee waliokaa kwenye benchi langu kusubiri zamu wakawa wanakumbushana kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mtangazaji wa mpira, mcheshi kuliko wote, akasema kwa mtaa huu kutia maji hakutoshi, ni kuloweka kabisa. Tulicheka mpaka nikazima mashine nisije nikamkata mtu sikio. Lakini madereva wa teksi wakanibandika jina la Kinyozi wa Buriani, na jina likaniganda kama kupe. Waandishi wa habari nao wakapata njia ya mkato: wakiniona nakata mtaa na mkoba begani, wananifuata polepole na gari lao.

Ningeyaona yote hayo porojo kama si mke wa yule mtangazaji. Mumewe naye alianguka, akaugua ule ugonjwa unaomla mtu kidogo kidogo na kumwachia akili zake timamu ashuhudie. Mkewe alikuja dukani mchana, akangoja mteja atoke, akaurudisha mlango. Aliniambia mzee amechoka, na yeye amechoka, na kwamba anaomba nije nimnyoe. Nikamuuliza kama ndevu zimemzidi. Akasema hapana, hazijamzidi.

Nilikwenda, Dada. Sikujua namna ya kumkatalia mwanamke aliyelia mpaka machozi yamemkauka. Nilipitisha wembe kwenye shavu ambalo halikuwa na kitu cha kunyoa. Alipofariki, yule mama alinishika mikono yote miwili mbele ya waombolezaji akanishukuru, na tangu siku hiyo nikawa naiogopa mikono yangu mwenyewe. Wifi yako alinigombeza. Alisema watu humwita kinyozi nyumbani mgonjwa akishashindwa kutoka, na mgonjwa akishashindwa kutoka huwa hajabakiwa na mengi. Sasa mimi nani amenipa kazi ya kugawa vifo? Nilimkubalia kwa mdomo. Moyoni sikuamini hata neno moja.

Katika hali hiyo ndipo daktari aliposema Baba ahamie kwangu, awe karibu na hospitali, na wewe ukaunga mkono. Nikampa chumba cha mbele, chenye kabati la kioo na dirisha linalotazama barabara, aone watu wanapita. Nao walipita makusudi wamwone. Nani asiyemjua Kidevu wa vichekesho? Kile kidevu kirefu kilichopinda kama kiatu kikuukuu, alichoweza kukichezesha peke yake bila mdomo kusogea, ndicho kilichotulisha na kutusomesha. Mama aliniambia wewe ulipokuwa mchanga ulikuwa hulali mpaka kidevu kikuage.

Koo lilikuwa limeshamnyang'anya sauti. Alibaki na mikono na uso, basi. Akitaka chai, anakuonyesha mtu aliyeungua ulimi. Akiwa hamtaki mgeni, anasinzia kabla mgeni hajakaa. Wifi yako alikuwa anacheka huku analia.

Najua pia unachokikumbuka. Mama alipofariki nawe ukakwama huko ughaibuni kwa sababu ya makaratasi, Baba alisema mbele ya watu kwamba aliyeshindwa kumzika mama yake asijisumbue kuja kumzika yeye. Lilikuwa neno baya, na likakufikia. Alilijutia, lakini Baba alikuwa fundi wa kuchekesha watu, si wa kuwaomba radhi.

Sasa nafika penyewe. Ulipoanza kupiga simu za video, ndevu zake zilikuwa zimeota nyingi, nyeupe, zimekifunika kidevu chote. Mara ya kwanza nilipomsogezea simu aliona sura yake mwenyewe kwenye kona ya kioo cha simu, akashtuka, akageukia ukutani. Nikakuambia hana hamu ya simu. Ulipokata simu alinigusa bega, akapitisha kidole shavuni, kutoka sikioni hadi kidevuni. Kisha akanionyesha simu. Hata mtoto wa chekechea angeelewa: ninyoe, halafu nimwone binti yangu.

Mimi nikajifanya sielewi.

Kesho yake akarudia, taratibu zaidi, kama anavyofanya mchekeshaji akiona watazamaji wa leo ni wazito. Akajipaka povu lisilokuwepo. Akaunoa wembe usiokuwepo. Akaniigiza mimi mwenyewe, ninavyotoa ulimi pembeni nikifika kwenye kona ngumu, na wifi yako akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nikamletea maji ya kunywa. Baba aliitazama ile glasi, akanitazama mimi, na nikaona kwamba ameelewa kuwa nimeelewa. Hakukasirika. Labda naye alikuwa amesikia wanavyoniita barabarani.

Wifi yako alisema kama naogopa, atamwita kinyozi wa mtaa wa pili. Nikamkatalia, nikasema nitafanya mwenyewe, na kila siku nikawa na sababu: mara wembe si mzuri, mara ngozi yake imelegea, mara tusubiri apate nguvu. Sikuwa na hoja, Dada. Nilitaka abaki tu. Nilikuwa naziona ndevu zinarefuka nikajiambia ndizo zinazomshikilia.

Na wewe kila ulipopiga nilikujibu amelala, amechoka, hataki. Siku ile uliyolia ukaniomba nimuulize kama bado ana hasira nawe, nilimuuliza kweli. Alitikisa kichwa kwa nguvu mpaka kikohozi kikamkaba, na kilipomwachia akapitisha tena kile kidole shavuni. Nikarudi kwenye simu nikakuambia hakujibu kitu. Ningekuambia alivyojibu, ungeniuliza kidole hicho maana yake nini, na mimi ningelazimika kushika wembe.

Asubuhi aliyofariki nilikuwa dukani. Wifi yako alikuwa nyuma anaanika nguo na simu yake ameiacha mezani. Aliporudi ndani alimkuta Baba ameketi kwenye kiti mbele ya lile kabati la kioo. Alikuwa amejikokota mpaka bafuni akachukua kiwembe changu cha nyumbani na kipande cha sabuni ya kuogea. Upande mmoja wa uso alikuwa ameunyoa, akaunyoa vizuri, ila mahali pawili palipochanika. Upande wa pili povu lilikuwa limemkaukia. Simu alikuwa ameiegemeza kwenye kikombe, imemwelekea. Wifi yako alipoiwasha, ilifungukia kwenye jina lako. Baba hakuwa amebonyeza kupiga. Alitaka amalize kwanza.

Nilikuja mbio na taulo la mteja bado liko begani. Niliwaomba wote watoke. Nikachemsha maji, nikampaka povu jipya, nikamalizia upande uliobaki. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumnyoa baba yangu, na haikuwepo tena sababu ya kuogopa.

Magazeti yaliandika kwamba Kidevu alifariki akiwa amezungukwa na familia yake. Uongo mtupu. Mimi nilikuwa namnyoa karani wa benki, na mke wangu alikuwa na vibanio mdomoni. Chumba kizima Baba alikuwa peke yake, na aliyekaa kumtazama ni wewe, jina lako kwenye ile simu.

Kwa hiyo usiseme alikugeuzia kisogo. Niliyewatenga ni mimi. Sikuombi unisamehe haraka. Hata Baba alihitaji muda, tena alikuwa mwepesi wa moyo kuliko wewe.

Msalimie sana shemeji, na uwabusu wapwa zangu. Barua hii anakuja nayo jirani yangu fundi cherehani, anayekuja huko kumwona mwanawe. Mpokee, ni mtu mwema ila anaongea sana. Ukishaisoma, ikikupanda hasira ya kunitukana, nipigie kwa video unitukane vizuri. Safari hii simu nitaipokea mwenyewe, na uso wangu utauona wote.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Kitindamimba