Mke Wangu Alifia Kwenye Foleni, Nikasema Alifia Njiani

"Mkimbizi hapa hupewa kila kitu bure, na bado ananung'unika." Hayo aliniandikia juma lililopita msomaji mmoja wa safu hii mwenye nyumba za kupangisha, kwa mwandiko mzuri kabisa. Bure? Misaada ina bei yake, ila haibandikwi mlangoni. Someni barua ya fundi huyu wa cherehani, kisha tuzungumze.

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nimejifunga kamba mwenyewe na sijui pa kuanzia kuifungua. Tulivuka mpaka miaka sita iliyopita, mimi, mke wangu na binti yetu aliyekuwa na miaka tisa, mke wangu akiwa na homa kali, tukafika kituo cha kuandikisha wakimbizi tukaambiwa hakuna kutibiwa kabla ya kuandikishwa, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi, saa saba muuguzi akafunga meza akaenda kula, na aliporudi mke wangu alikuwa ameshakata roho, kichwa kikiwa mapajani mwa mtoto. Cheti cha kifo kinasema hivyo hivyo: homa, kituoni.

Sasa ofisi hiyo hiyo inayosimamia kituo imenisaidia, sikatai, imenipa cherehani kwenye karakana yao na imemtafutia binti nafasi ya shule ya bweni, lakini kila wafadhili wanapokuja lazima mmoja wetu asimame asimulie yaliyompata. Mara ya kwanza afisa wa miradi aliniambia, "Mzee, hiyo ya benchi ni mambo ya ndani, iache. Wageni wanataka kusikia ya huko mlikotoka." Nikaiacha. Mara ya pili akasema hadithi yangu imekuwa fupi. Jirani yangu kinyozi akanicheka, "Fundi, wewe ongeza chumvi, maiti hasikii," basi nikasema mke wangu alipigwa risasi njiani, watu wakalia, na mimi nikalia kwelikweli, na tangu siku hiyo nimeshindwa kurudi nyuma.

Likizo iliyopita binti aliniletea chakula karakana, akiwa dirishani akanisikia nikiwasimulia wafadhili yote hayo. Hakunigombeza. Jioni, akikunja nguo, akasema, "Baba, safari hii mama amekufa kwa risasi. Safari ijayo atakufa kwa nini?" Tangu hapo ananisalimu kama anavyosalimu wateja wangu.

Na sasa afisa anataka Alhamisi ijayo binti ndiye ashike kipaza sauti aseme yale yale, eti mtoto huwagusa watu zaidi, na nilipositasita akasema kwa upole, "Nafasi za shule ni chache, mzee, na wanaosubiri ni wengi." Mshauri, nimlazimishe, au nimwache apoteze shule?

Fundi

Fundi, pole. Kumzika mke ugenini ni msiba. Kulazimishwa kumzika upya kila wageni wanapokuja ni ukatili, na aliyeubuni anatembea na kitambulisho shingoni. Lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulipomtoa marehemu kwenye benchi ukampeleka njiani, uliwafulia wakubwa wa kituo nguo zao chafu. Binti yako alikuwa na kitu kimoja ambacho hakupewa na ofisi yoyote, kumbukumbu ya saa ile, nawe ukakigawa kwa watu wanaopiga makofi. Kinyozi wako ashike wembe, ushauri autue. Maiti hasikii; mtoto anasikia.

Binti hasimami Alhamisi. Leo hii mwombe radhi, na usitie neno "lakini" ndani ya radhi hiyo. Halafu mwandikie afisa barua fupi: mke wako alifia kituoni, hutasimulia tena, na unaomba akujibu kwa maandishi kama nafasi ya shule ina sharti la kusimulia. Nenda na shahidi, ubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Watu wa aina hii hutisha kwa mdomo. Ukiwapa kalamu, wanatafuta miwani. Huenda wakakunyang'anya cherehani, sitakuficha. Bado fanya hima, maana cheti kinasema homa na mdomo wako unasema risasi. Siku mtu akivilinganisha, mwongo utakuwa wewe, naye afisa ataapa kwamba hakujua.

Na nyinyi mliokuwa kwenye foleni siku ile, najua mpo. Mnaishi mjini humu, mnasoma gazeti hili, wengine mna vibanda na leseni ukutani. Mlimwona mama yule akilegea, na bila shaka yupo aliyesogea akakaa palipobaki wazi. Siwalaumu, mlikuwa na hofu. Lakini miaka sita ya hofu inatosha. Andikeni mlichokiona, tarehe, saa na majina yenu kamili, mniletee mezani kwangu kabla ya Alhamisi.