Salamu Thelathini za Mama

Kaka,

Huku tu wazima, ila mama analalamikia magoti. Ile seva, kompyuta uliyotuwekea pale zahanati kabla hujasafiri, imechoka. Kila mchana kumbukumbu yake inajaa, inazimika, na tunarudi kuandika wagonjwa kwenye daftari. Mganga mkuu hataki kusikia habari ya kununua nyingine. "Punguza humo humo," ananiambia.

Basi nikapunguza. Nilizima programu ya sauti, maana seva yenyewe haina hata spika. Nikazima ya printa tuliyoitupa zamani. Chini kabisa ya orodha ya programu nikakuta moja uliyoiandika wewe. Kila asubuhi inachagua salamu moja kati ya thelathini, inamtumia mama kwa simu kwa jina lako: "Umeamkaje, mama yangu? Nimekuota."

Miaka minne, kaka! Mama huwasomea majirani.

Haikuwa inakula kumbukumbu ya maana, lakini niliizima. Leo siku ya tatu mama hajaiweka simu chini. Sijamwambia kitu. Ameniagiza tu nikuandikie, nikuulize kama unaumwa.

Haya, unaumwa?

Mdogo wako, niliyebaki na mama.