Bibi Ananiamkia Kwenye Biti

Jumamosi, Kilosa. Mawingu yametanda tangu asubuhi na joto halipungui. Nimejifungia chumbani kama mwizi, laptopu hata sijaiwasha.

Naona aibu. Jamani, naona aibu.

Mwezi mzima nimekuwa mtu wa swali moja tu: nitengeneze midundo kwa programu gani? Nilikuwa nazo tatu. Moja ni ya simu, ya bure, nyepesi. Ya pili ni ya majaribio. Inakuacha utengeneze biti nzima, halafu ukishahifadhi haikubali kuifungua tena. Ya tatu ina vitufe vingi mpaka kichwa kinauma, lakini Deo, rafiki yangu mwenye saluni ya kunyoa kule Mikumi, aliapa kwamba ndiyo ya watu wanaojielewa. Mimi sijawahi kumaliza hata biti moja ya maana, ila kwa kubishana kuhusu programu, weee, hamniwezi.

Nikaamua kuzipima zote kwa sauti zilezile. Bibi alikuwa uani akimfundisha Nuru, mtoto wa dada yangu, kuamkia wakubwa: "Sema shikamoo. Shikamoo!" Nikamrekodi. Ile "shi" yake ilikuwa kali, safi, inakaa vizuri sana juu ya ngoma. "Sema" nikaikata, nikaitupa. Chini palihitaji sauti nzito, nikaweka ya kwangu: "Marahaba." Nikaishusha mpaka ikanguruma pamoja na besi.

Siku zote hizo nilisikiliza mapigo. Maneno sikuyasikia.

Nikazituma biti zote tatu, moja ya kila programu, kwenye grupu letu la midundo, nikauliza ipi imetoka vizuri, A, B au C. Hakuna aliyejibu habari za programu. Walicheka tu. Deo akaipiga C saluni kwake, madereva wa malori wakaiomba, na kabla sijajua kinachoendelea ikawa mlio wa simu za bodaboda huku kwetu.

Alhamisi Bibi alikwenda sokoni. Kijana wa bodaboda, wa rika langu, akapunguza mwendo, akamwambia, "Marahaba, Bibi!" Wenzake wakaangua kicheko. Bibi wa watu, hajamwamkia mtu yeyote! Mama muuza nyanya ndiye aliyemweleza kisa chote, na kwamba ngoma ni ya mjukuu wake.

Alirudi na kapu tupu. Akasema nimwekee hiyo ngoma. Nikamvalisha hedifoni. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha. Kisha akauliza, "Huyu anayeniitikia ni nani?"

Bibi huyu ndiye aliyenilea. Sauti yangu anaijua hata nikikohoa nikiwa barabarani.

Nikamjibu, "Ni kompyuta, Bibi."

Mungu wangu! Ilinitoka tu, na ilipotoka sikuirudisha.

"Kompyuta," akasema. "Haya." Akavuta ungo wake, akaendelea kuchambua mchele.

Jana nimeifuta kila mahali nilipoweza, lakini wenzangu walishaihifadhi zamani. Deo anasema nisijali, eti jina ndilo linakua, nishike hiyohiyo C niachane na nyingine. Nilimkatia simu. Programu yenyewe sitaki hata kuiona.

Leo asubuhi nilimkuta Bibi jikoni akipuliza moto. Nikavua kofia, nikainama kabisa, jambo ambalo sijalifanya tangu shule ya msingi. "Shikamoo, Bibi."

Hakugeuka. "Iamkie kompyuta yako," akasema. "Si ndiyo inayoitikia humu ndani?"

Nikarudi chumbani, na chai sijanywa hadi sasa.

Namsikia anafagia uani. Nikimaliza kuandika haya natoka, simu naiacha hapa kitandani. Sina hotuba ya kumpa. Ni maneno mawili tu: ni mimi.

Mbona mguu haunyanyuki?