Kabla ya Kumimina

Ndaga, nakusalimu mjukuu wangu Tusajigwe. Hapa Ikuti mvua haikatiki, na kifua cha babu yako hakijapona.

Unaniuliza kama mnafanya vyema kazini kuondoa ukaguzi unaorudiwarudiwa kwenye programu inayogawa kumbukumbu ya kompyuta, ubaki mahali pamoja tu. Mimi najua maziwa.

Zamani mpimaji wa kituo cha maziwa alichota kidogo kwenye ndoo ya kila mtu, akachanganya na spiriti. Yakiganda ni mabovu, unarudi nayo nyumbani. Soko huria lilipoingia, akaja mnunuzi mpya. “Mama zangu, kupima ndoo kwa ndoo ni kupoteza muda,” akasema. “Tutapima tangi tu.” Tukamimina wote. Alipopima, yakaganda. Maziwa ya kijiji kizima yakamwagwa mtoni, na hakuna aliyeweza kujua mabovu yalitoka kwa nani. Tukabaki kushukiana. Dada yangu Atu, niliyekuwa nakamua naye zizi moja, akaacha kukanyaga kwangu.

Punguzeni ukaguzi mkitaka, mwanangu, ila uliobaki ukae kabla ya kumimina.

Atu tumemzika juzi. Nilisimama kaburini bado najiuliza kama mabovu yale yalikuwa yake au yangu.

Bibi yako